Kipushi, teritwari inayouzunguka mji

Kutoka Lubumbashi kwenda Kipushi ni kilomita kama 30, kuelekea kusini-magharibi, na njia yenyewe haina mlima wa kupanda. Nchi hii iko juu tayari, mita 1,200 na zaidi kutoka usawa wa bahari, ila ujuu wake hauonekani kwa sababu kila kitu kimeinuliwa pamoja. Nilipita Oktoba, mwezi wa joto kali, mvua bado. Miombo iliyosalia ilikuwa imechipua majani mekundu. Mgeni angedhani msitu unakauka, kumbe hayo ndiyo majani mapya, yanayotangulia mvua kwa wiki kadhaa.

Nimesema miombo iliyosalia. Baiskeli zinazokuja mjini tangu alfajiri zinaeleza ilikokwenda. Kila moja imefungwa magunia ya makala, yaani makaa, marefu, yamesimamishwa nyuma na kulazwa ubavuni, hata mwenye baiskeli haonekani ila miguu. Hapandi, anasukuma. Lubumbashi inapika bukari yake, yaani ugali, kwa makala haya, kwa kuwa umeme huja ukipenda, na kila mwaka tanuri za udongo husogea mbali zaidi na mji. Kando ya barabara kilichobaki ni nyasi, visiki, mashamba ya mahindi na mihogo, na vichuguu vikubwa kuliko nyumba. Hivyo navyo havikuachwa. Watu huvichimba kwa sururu, wakaloweka udongo wake, wakafyatua matofali na kuyachoma papo hapo.

Lubumbashi ni kisiwa ndani ya teritwari ya Kipushi, mojawapo ya teritwari sita za Haut-Katanga, jimbo la Kongo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa kuwa majimbo manne. Kwenye ramani mji ni doa, na teritwari ni nchi iliyoukumbatia pande zote. Kabla ya reli kufika mwaka 1910 na Wabelgiji kuupa mji huo jina la Élisabethville, hapa palikuwa nchi ya Walamba, na jina la chifu wao Kaponda bado liko kwenye daftari za utawala. Mji ulichukua uwanja, kisha ukaanza kuchukua na vingine: maji, kuni, mboga, vijana.

Vijiji vimejipanga kwa mstari, nyumba zikitazama barabara. Hilo si tabia ya Walamba. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyovivuta vijiji kutoka porini na kuviweka barabarani, ili kodi ikusanywe kwa urahisi na wafanyakazi wapatikane. Leo hakuna anayevivuta, na bado havirudi ndani, maana mnunuzi anapita hapa. Ukisafiri kwa gari unapata picha ya nchi iliyojaa watu. Ukiingia kwa mguu nusu saa tu upande wowote, picha hiyo inakwisha.

Mji wa Kipushi umeegemea mpaka wa Zambia, na mpaka huo haukuchorwa kwa rula kama mingine mingi ya Afrika. Unafuata mgongo wa nchi, pale maji yanapogawanyika. Matone yanayoangukia upande wa Kongo huingia Kafubu, kisha Luapula, ziwa Mweru, Luvua, Lualaba, hata yakamwagika Atlantiki. Yanayoangukia upande wa pili huenda Kafue, kisha Zambezi na Bahari ya Hindi. Jambo kubwa kiasi hicho, na hakuna cha kupigia picha! Nilisimama pale nikitafuta walau mwinamo. Niliona askari wa forodha na wanawake waliobeba unga wa mahindi wa Zambia. Unga ndio unaopita hapa kila siku, na Zambia inapozuia mahindi yake yasitoke, Lubumbashi inalala na njaa.

Mgodi ulianza mwaka 1924, ukaitwa kwa jina la mwana wa mfalme wa Ubelgiji, Léopold. Kampuni ya Kibelgiji Union Minière ilichimba shaba na zinki, na ndani yake gerimani, madini adimu. Watu waliletwa kutoka Rhodesia, Kasai, Maniema, hata Ruanda-Urundi, wakajengewa kambi, wakaozeshwa, wakazaa. Ndiyo maana uswahilini Kipushi utasikia Kiswahili kabla ya Kilamba. Mwaka 1967 Gécamines, kampuni ya serikali, iliurithi mgodi, na mwaka 1993 ukasimama. Miaka hiyohiyo Wakasai wengi wa Katanga walifukuzwa, baadhi wakirudi kwa treni katika nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Mwaka 2024 mgodi ulianza tena kutoa zinki, chini ya Gécamines na kampuni ya Ivanhoe ya Kanada. Kwa miaka 30 ya katikati watu walilima, walichoma makala, walivuka mpaka. Mgodi wa leo unahitaji mashine zaidi kuliko mikono, na sioni utawarudisha wote kazini.

Basi watu wa teritwari hii wako wangapi? Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Waliohesabiwa wakiwa mgongoni mwa mama zao sasa wana wajukuu. Takwimu zote za baadaye ni makadirio, idadi ya zamani ikiongezwa asilimia kadhaa kila mwaka, kana kwamba watu hawahami. Hapa watu wanahama bila kukoma: msimu wa kulima wako shambani, kiangazi wako mjini, na mpaka ni wa kuvuka asubuhi na kurudi jioni. Nilimuuliza mama mmoja muuza viazi vitamu kijiji chao kina watu wangapi. Alicheka. «Tuko bengi, papa. Njo vile tu.»

Wanaokaribia ukweli ni watu wa afya. Wachanjaji wa polio hupita mlango kwa mlango na chaki, wakiandika ukutani hesabu ya watoto. Vyandarua navyo hugawiwa kwa kuhesabu vichwa, kimoja kwa watu wawili, na hapo, aliniambia muuguzi mmoja, idadi hupanda ghafla: nyumba ya watu watano inakuwa na watu saba, na mjomba aliyehamia mji wa Kolwezi anatajwa kama amelala chumbani. Ofisa wa kodi akipita mtaa uleule baadaye, wanabaki watatu.