Watumishi Wasioitwa

Kompyuta haizeeki kama punda azeekavyo. Punda mifupa humlegea, meno humwisha, na mzigo aliokuwa akiubeba jana leo humshinda. Kompyuta iliyokaa mezani miaka saba ina prosesa ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Hata hivyo ni wachache wenye kompyuta nyumbani ambao hawajawahi kulalamika kwamba chombo chao kimechoka. Kimechokaje, ilhali hakina misuli? Nionavyo mimi, aghalabu hakikuchoka. Kimezidiwa na watumishi ambao mwenye nyumba hakuwaita, na wala hajui kama wamo ndani.

Nalisema jambo hili kwa sababu mwaka 2019 lilifika nyumbani kwangu likiwa na bei. Binti yangu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akiandika utafiti wake kwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 2. Ukiiwasha, ulikuwa na nafasi ya kuchemsha chai na kuimaliza kabla haijawa tayari. Akibonyeza herufi, herufi ilichelewa kutokea kama mtu anayeamshwa usingizini. Fundi mmoja aliitazama, akatoa hukumu: hii imekwisha, nunueni nyingine. Fedha za kununua nyingine zilikuwapo, ila zilikuwa ada ya mdogo wake ya Januari. Kwa hiyo swali halikuwa la kompyuta peke yake. Lilikuwa ni mtoto yupi asubiri.

Kabla ya kuigusa akiba ile, niliona ni vyema kwanza tujue ndani ya chombo kile mna nani.

Katika Windows, ukishikilia kitufe chenye alama ya dirisha na kubonyeza R, kisha ukaandika services.msc, hufunguka orodha ya huduma zaidi ya mia moja. Huduma ni programu isiyo na sura: haina dirisha wala kitufe, hufanya kazi nyuma ya pazia. Mbele ya kila jina imeandikwa namna inavyoanza. Ziko zinazoanza zenyewe pindi kompyuta inapowaka, ziko zinazongoja kuitwa, na ziko zilizozimwa kabisa.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, watumishi wa namna hii huitwa daemon. Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1963 na wataalamu wa Project MAC katika chuo cha MIT, Marekani. Walikuwa wakikumbuka kiumbe cha kubuni cha mwanafizikia James Clerk Maxwell, kinachokaa mlangoni kikichambua molekuli bila kupumzika. Mtu wa pwani hatashangaa. Sisi tumekua tukisimuliwa habari za majini ya kufuga, yanayomtumikia bwana wao bila kuonekana. Na kila msimulizi huongeza jambo moja: jini la kufuga hudai kulishwa. Hawa wa kwenye kompyuta nao hula. Chakula chao ni kumbukumbu, diski na, kwa wale wanaotumia intaneti, bando ulilolinunua kwa fedha yako.

Tukaanza kuwatazama mmoja mmoja. Alikuwamo mwenye kazi ya faksi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutuma faksi. Alikuwamo anayeshika foleni ya karatasi za kuchapishwa, nasi hatukuwa na printa. Alikuwamo anayesoma mafaili yote na kuyawekea faharasa ili utafutaji uwe mwepesi, na mwingine aitwaye SysMain, ambaye hubashiri programu utakayoifungua na kuanza kuipakia mapema. Hawa wawili ni watumishi wema penye nafasi. Lakini kwenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 2, wema wao huwa kama wa mgeni anayekusaidia kupika katika jiko lisilotosha watu wawili. Kilichonigusa zaidi ni wale walioachwa na mwenye kompyuta wa kwanza: msaidizi wa printa ambayo hatujapata kuiona, na mleta matoleo mapya ya programu ambayo haikuwamo tena. Bwana wao alikwisha kuiuza nyumba, nao bado waliamka kila asubuhi kumtumikia.

"Baba, si tuzizime zote tu?" binti yangu akauliza.

"Zote, mama? Hata ya sauti? Mgeni hafukuzwi kabla hajaulizwa amefuata nini."

Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii. Ukifungua maelezo ya huduma yoyote, utakuta ukurasa unaoonyesha inategemea nani na nani wanaitegemea. Iko moja, RPC, ambayo karibu nyumba nzima imeegemea juu yake, hiyo haizimwi. Kadhalika haziguswi zile za ulinzi: ukuta wa moto, kinga ya virusi na uletaji wa marekebisho. Yaliyotokea mwaka 2003 yanatosha kuwa funzo. Mwezi wa Julai mwaka huo Microsoft ilitoa rekebisho la kuziba tundu katika RPC. Mwezi wa Agosti mnyoo ulioitwa Blaster ukapita katika tundu lile lile, ukaingia katika kompyuta nyingi mno ambazo hazikuwa zimewekewa rekebisho. Mtumishi usiyeweza kumwondoa, huna budi kumlinda.

Lakini mtumishi asiye na kazi naye ni mlango ulioachwa wazi. Katika Windows XP kulikuwa na huduma ya kupeleka ujumbe mfupi baina ya kompyuta za ofisi moja. Majumbani watu hawakuihitaji, ila ilikuwa ikijiwasha yenyewe, na wenye matangazo wakaitumia kurusha vijibarua vyao kwenye vioo vya watu, hata mwaka 2004 marekebisho makubwa yalipoizima. Mwaka 2021 likagunduliwa tundu la hatari katika huduma ile ya foleni ya uchapishaji, na ushauri ukatolewa kwamba izimwe pasipohitajika kuchapisha. Kwa hiyo kuzima kisichohitajika si suala la kasi tu.

Tena ni vizuri kusema ukweli: huduma inayongoja kuitwa hailî chochote. Ukizima hamsini za aina hiyo hutapata faida yoyote, ila utapata fumbo la kutegua siku kitu kitakapogoma. Wa kuangaliwa ni wale wanaofanya kazi saa hiyo hiyo, na dirisha linaloonyesha kazi zinazoendelea litakutajia nani anakula kiasi gani. Sisi tulichukua daftari, tukaandika jina la huduma na hali iliyokuwa nayo. Tukabadilisha moja, tukaizima na kuiwasha kompyuta, tukaitumia siku nzima, ndipo tukaiendea nyingine. Zilipofika nane tukasimama.

Kompyuta haikugeuka mpya, kwa kuwa GB 2 ni GB 2. Lakini iliwaka kabla chai haijachemka, na herufi zikaanza kufuatana na kidole. Miezi kadhaa baadaye tuliiongezea RAM kwa gharama ndogo, na hilo lilisaidia kuliko yote tuliyofanya. Utafiti ulikabidhiwa kwa wakati wake, na Januari ada ikalipwa.

Jambo moja limebaki nami tangu wakati huo. Kati ya kuanza yenyewe na kuzimwa iko hali ya tatu, ambayo watu wengi huisahau: kungoja kuitwa. Mimi nami nilikuwa na mambo mengi yaliyojiwasha kila asubuhi kabla sijanawa uso. Kamati za harusi ambazo harusi zake zilikwisha kupita, vikundi vya simu vinavyolia usiku kucha, ugomvi wa mpaka wa shamba ambao aliyeugombania alikwisha kufariki. Sikuona haja ya kumfukuza mtu wala kumnunia. Niliyaweka mengi katika ile hali ya tatu: nikihitajiwa niitwe, nitakuja. Simu ya mama yangu kutoka kijijini sikuigusa, maana mengi mengine nyumbani kwangu yanaitegemea.

Kompyuta ina nafuu moja kuliko sisi: watumishi wake wamekwisha kuorodheshwa kwa majina, pamoja na wanaowategemea. Wa kwetu inatubidi kuchukua daftari na kuwaandika wenyewe.