Gari Lirudi Nyuma, Injini Ibaki

Lodwar ya utotoni mwangu injini ilitolewa nyumbani, chini ya ewoi, ule mgunga wa kivuli kipana ambao maganda yake ni chakula cha mbuzi na kivuli chake ni baraza la wazee. Baba alikuwa na Land Rover Series III ya petroli, iliyounganishwa Thika enzi za Leyland. Aliinunua ikiwa imeshachoka mikononi mwa wengine. Gereji yenye mashine ya kuinulia ilikuwa Kitale, kilomita karibu 300 kupitia Lokichar, Kainuk na Marich, njia ambayo magari yalipita kwa msafara wa polisi kwa kuogopa majambazi. Gari likifa Lodwar, lilitengenezewa Lodwar.

Adui wetu mkubwa alikuwa mchanga. Lami iliyojengwa kwa fedha za Norwei ilifika kwetu miaka ya 1980. Mwaka 1990 uhusiano wa Kenya na Norwei ulivunjika, wafadhili wakafunga virago, na polepole lami ikabomoka hadi madereva wakaona heri wapite kandokando. Halafu kuna laga, zile mito mikavu ya mchanga. Ukikwama lagani unakanyaga klachi nusu na mafuta kwa nguvu, na pleti inaungua mpaka abiria wanaziba pua. Land Rover ya aina ile haina njia ya mkato: ukitaka kufikia klachi, sharti uitenge injini na giaboksi.

Tulianza alfajiri. Ikifika saa nne, spana iliyosahauliwa juani haishikiki, na upepo ukianza vumbi linaingia kila tundu lililo wazi. Baba alitoa boneti, akamwaga maji ya rejeta kwenye ndoo safi, maana maji hayapotezwi Turkana, kisha akaitoa rejeta pamoja na fremu yake ya mbele. Zikafuata nyaya, bomba la petroli na ekzosti, halafu nati zinazoizunguka injini pale inapopakana na giaboksi. Sisi watoto tulishika mikebe ya mafuta ya kupikia ya Kimbo. Kila mkebe ulikuwa na nati za mahali pake, na mtoto aliyeulizwa "za stata ziko wapi?" alitakiwa kujibu bila kufikiri.

Chenibloku ilifungwa kwenye tawi nene, gunia likiwa katikati ili mnyororo usiuchune mti. Kipande cha mbao kikapigwa kati ya giaboksi na chasi ili giaboksi isiiname ikibaki peke yake. Injini ile ina uzito wa karibu kilo 200. Ilipoinuka kidogo, Baba alipitisha vidole kwenye ufa uliokuwa ukifunguka, akapima kama umelingana juu na chini, kwa sababu shafti ikipinda hapo kazi yote ni bure. Mti hausogei, kwa hiyo tulilisogeza gari. Mbao zilitandikwa chini ya magurudumu, majirani na wapita njia wakaitwa, na gari likasukumwa kurudi nyuma inchi kwa inchi mpaka injini ikabaki hewani peke yake. Mzee yeyote aliyekuwa pale aliona klachi ikoje, akauliza, akaelezwa. Mtaa mzima ulijua ndani ya ile Land Rover kuna nini.

Giaboksi ilikuwa habari nyingine. Gia ya pili ilipoanza kuruka yenyewe, Baba alikiri hadharani kwamba kuifungua ile haimo katika ufundi wake. Tukasikia yuko fundi Kakuma, Mkongo wa upande wa Kivu, aliyekuwa akitengeneza malori kwao kabla ya vita. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotoka Sudan. Wakaja Waethiopia, Wasomali na watu wa Maziwa Makuu, na kila kundi lilikuja na mafundi wake. Lakini mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali cha kusafiri. Fundi hakuweza kuja Lodwar, basi giaboksi ikamfuata.

Giaboksi ya Series hutokea ndani ya gari: unang'oa viti, sakafu na kile kisanduku cha chini ya viti, unafungua propela na breki ya mkono, kisha wanaume wanne wanaipitisha mlangoni. Tuliipakia kwenye lori kwa kilomita 120 hivi hadi Kakuma. Fundi alitandaza turubai la UNHCR, akazipanga gia kwa mfuatano wake kuanzia kushoto, akazungusha beringi moja sikioni. "Papa," akamwambia Baba, "gia hazina neno. Beringi hii ndiyo ilikufa." Hakukubali kuirudisha peke yake. Alimkalisha Baba, akampa kila kipande kwa mkono.

Kwa fundi yule tuliona miguu mitatu ya mabomba ya chuma, iliyofungwa kileleni, chenibloku ikining'inia katikati. Baba alichomelewa ya kwake Lodwar. Tangu hapo kazi haikutegemea tena tawi, na watu waliohitajika wakapungua. Shirika la Don Bosco nalo lilikuwa na chuo cha ufundi kambini, na vijana waliosomea umekanika hapo walitufundisha kutoa injini kwa utaratibu ambao Baba aliusifu.

Kisha yakaja mafuta ya kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, serikali ya kaunti mwaka 2013, na lami mpya. Leo injini iliyotumika Japani inapanda lori Nairobi, inashushwa Lodwar, inaingizwa, na ile ya zamani inauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Vijana wanaifanya kazi hiyo haraka kuliko Baba alivyowahi, na gari la wagonjwa likifa nalitakia njia hiyo ya haraka. Ila zamani tuliitoa injini ili irudi, na kati ya kutoka na kurudi ndipo tulipojifunza. Siku hizi injini inayotoka haifunguliwi, na kijana anaweza kubadilisha kadhaa bila kuona pistoni.

Land Rover ya Baba ninayo mimi sasa. Naambiwa kila mara niipachike injini ya dizeli ya Isuzu, nimekataa. Mpwa wangu ameshaitoa injini yake, akaifungua yote, akaifunga, na inawaka. Giaboksi inalia tena. Mwanafunzi wa yule Mkongo, naye mkimbizi, bado ana karakana Kakuma. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilitupa matumaini kwamba watu kama yeye wangekuja kufundisha huku, nami naona ni hasara ya Turkana nzima kwamba bado anahitaji ruhusa ili afike Lodwar. Beringi zikifika kutoka Kitale, tutaipakia giaboksi kwenye lori, na mpwa wangu atakaa naye hadi ajue kuifunga mwenyewe.