Marseille, mji wa waliokuja kwa mashua

Wengi wenu mnatuuliza habari za Paris tu. Safari hii tunawapeleka Marseille, bandari ya kusini, kwenye Bahari ya Mediterania. Tulikaa siku tatu, tukatembea kwa miguu hasa.

Ukitoka kituo cha gari moshi cha Saint-Charles unashuka ngazi 104, na mji uko mbele yako. Chini ndiko Bandari ya Zamani. Asubuhi wavuvi wanauza samaki kandokando ya maji, wengine bado wanarukaruka mezani. Kelele za kupatana bei ni zile zile za soko letu la kambini, lugha tu ndiyo tofauti.

Mji huu una miaka kama 2,600. Ulianzishwa na Wagiriki waliotoka Phocaea, ambayo leo iko Uturuki. Wazee wa huko husimulia kwamba siku ile chifu wa wenyeji alikuwa anamwoza binti yake Gyptis. Binti alipaswa kumpa kikombe mwanamume anayemtaka. Akawapita vijana wote wa kwao, akampa mgeni aliyetoka baharini. Ni hadithi, lakini mji wenyewe unaipenda: unasema ulianza kwa mgeni kukaribishwa.

Kumbe si kila mgeni alikaribishwa hivyo. Kuanzia mwaka 1922 walifika Waarmenia, watu waliookoka mauaji ya 1915 katika dola ya Waosmani. Maelfu walipitia Oddo, iliyokuwa kambi ya jeshi. Waliishi kwenye mabanda, familia na familia, wakawa na shule yao na mahali pa kusali. Mwaka 1923 meya Siméon Flaissières aliandika gazetini kwamba watu hao wanaleta magonjwa, akataka warudishwe walikotoka. Maneno hayo, jamani, nani kati yetu hajawahi kuyasikia?

Kambi ya Oddo ilifungwa mwaka 1927. Watu walipata kazi viwandani na bandarini, wakanunua viwanja pembeni mwa mji, wakajenga kidogo kidogo baada ya kazi. Mwaka 1931 kanisa lao kubwa lilikuwa limesimama katika barabara ya Prado. Tulilisimamia mbele, tukahesabu: miaka minane tu baada ya barua ya meya! Leo wajukuu wao ni walimu, mafundi na wenye maduka, na lugha ya babu bado wanaifundisha watoto.

Juu ya kilima kuna kanisa la Notre-Dame de la Garde, lililowekwa wakfu mwaka 1864. Ndani zinaning'inia mashua ndogo za sanamu, na ukutani kuna vibao vya marumaru vya watu waliookoka, vingi vimeandikwa asante. Lakini vijana wetu, sikilizeni: bahari hiyo hiyo imemeza maelfu ya watu waliopanda mashua za magendo. Wao hawakupata nafasi ya kuandika kibao. Anayewaambia njia ni rahisi anataka pesa yenu tu.

Sokoni tulikuta Wakomoro wengi. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, na maneno kama maji na nyama tuliyashika mara moja. Mama mmoja akacheka, akatuongezea ndizi mbili bila malipo.

Basi wapendwa, hatusemi kusubiri ni kitu chepesi. Tunasema tu kwamba watu wa Oddo hawakungoja watoke kambini ndipo wafundishe watoto. Shule ilianza mle mle mabandani. Wazazi, msiache mtoto akae nyumbani siku ya masomo, na jioni msimulieni kijiji mlichotoka, kwa lugha yenu.

Tukutane toleo lijalo. Mungu awalinde.