Ukisema "geuza", unamaanisha nini?

Wasee, mwezi jana nilipoteza pesa kwa sababu ya neno moja tu: geuza.

Tulikuwa tunarekodi harusi hapa Garissa. Mimi nilikuwa na kamera kubwa, binamu yangu ameshika simu kwenye gimbali, kile kishikio chenye mota tatu. Bibi harusi akashuka kwenye gari, akaanza kutembea kulia. Nikapiga kelele, "Geuza! Geuza!" Kijana akageuza kweli. Akalaza simu ubavu. Tukapata video safi sana ya mlango wa gari umelala, na bibi harusi hayumo. Mteja akakata nusu ya malipo.

Nilijam vibaya. Nikamfokea. Akaniuliza pole pole, "Abowe, ungetaka nigeuze vipi?" Sikuwa na jibu.

Kila kitu kinachozunguka kina mhimili, ule mstari ambao kinauzunguka. Feni ya hoteli, gurudumu la Probox, hizo ni rahisi, mhimili ni mmoja. Lakini simu mkononi inaweza kuzunguka mihimili mitatu, na "geuza" haisemi ni upi. Marubani husema roll, pitch na yaw. Jaribu kumpigia mtu hayo kelele katikati ya ngoma na vigelegele.

Basi tukatumia shingo. Kukubali: kichwa juu, chini. Mhimili unapita sikio hadi sikio. Kukataa: kulia, kushoto. Mhimili umesimama wima kama udub dhexaad, ile nguzo ya katikati ya nyumba ya ayeeyo. Wa tatu, kulaza kichwa begani, mhimili unaingia puani unatokea kisogoni. Huo tayari una neno, na tunalisema kila siku bila kujua: mrama. Si tunasema mambo yameenda mrama? Kumbe ni lugha ya mabaharia wa pwani. Chombo kikilala upande huu, kikainuka, kikalala upande ule, kinaenda mrama. Mhimili wake unatoka omo, yaani mbele, hadi tezi, nyuma. Sisi tukabaki na maana ya matatizo pekee.

(Na dunia je? Garissa iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo mhimili wake kwetu haujasimama kama kwenye globu ya darasani. Umelala karibu sambamba na ardhi, kaskazini hadi kusini.)

Jumapili iliyopita tulipata harusi nyingine. Nikaita, "Kataa kulia, polepole!" Simu ikamfuata bibi harusi vizuri hadi mlangoni. Shida ni moja: mzee mmoja wa ukoo alisikia mtu akipiga kelele "kataa" kwenye harusi, akaja kuniuliza mimi ni nani na nina neno gani na hii ndoa.