Mwalimu naye alivuka mto

Mwalimu muhami anapoingia darasani Kisangani, watoto hawajui kama usiku naye alilala chini ya bashi kama wao. Tangu Februari 2023, vita kati ya Wambole na Walengola, vilivyotokana na ugomvi wa ardhi mtaani Lubunga, vimezivusha familia nyingi mto Kongo. Watu walikimbia na watoto na sufuria. Buletini za shule zilibaki nyumbani, na nyumba nyingi zikaungua.

Ndugu wasikilizaji, shule ya wahami ikitajwa, watu huwaza daftari na chaki. Ni haki. Lakini daftari haliwezi kumwuliza mtoto kwa nini amenyamaza wiki nzima. Mwalimu ndiye anayeuliza, na namna ya kuuliza inafundishwa.

Kuna mengine ya kujifunza: kugawa ubao mmoja kwa madarasa mawili, kuacha fimbo kwa mtoto anayeshtuka mlango ukigongwa, kutomwuliza yeyote kabila lake. Hili la mwisho ndilo gumu. Mtoto wa Kimbole na wa Kilengola wanaweza kukalia benchi moja, na mwalimu mwenyewe ana kabila lake na msiba wake. Asiposaidiwa kwanza yeye, atamtuliza nani?

Kamati za wazazi, vyama vya akina mama na makanisa nao wafunzwe. Wao ndio wanajua mtoto gani anauza maji saa za masomo, na msichana gani anataka kuozwa mapema. Wakijua kuandika majina vizuri na kuzungumza na wakuu wa shule, mtoto asiye na buletini anaweza kupimwa na kupewa darasa linalomfaa. Tena masomo ya msingi katika shule za Serikali ni bure tangu 2019. Mzazi anayejua hivyo ana neno la kusema mtoto akirudishwa.

Kule Kakuma, Kenya, kambi iliyofunguliwa 1992, walimu wengi ni wakimbizi wenyewe. Wengi walishika chaki mara tu baada ya sekondari, wakajifunzia kazini. Kwa hiyo inawezekana.

Ila semina haijazi sufuria. Katika Kongo walimu wengi bado hawamo kwenye orodha ya mishahara. Mwalimu muhami asipopata kitu, siku moja ataacha chaki aende kubeba mizigo bandarini, na yote aliyofunzwa yataondoka naye. Watoto watabaki wakimngoja.