Kuandika Majina Kabla ya Mvua



Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Watu walikuwa wamekusanyika kutoka vijiji vingi, kama ilivyo desturi ya kila juma. Mvua kubwa ikanyesha juu ya milima, mito ikavunja kingo zake, matope yakateremka pamoja na mawe na miti, na kwa muda mfupi sehemu kubwa ya Bushushu na Nyamukubi ikafunikwa. Katika siku zilizofuata ilipatikana miili zaidi ya 400, mingine ikiokotwa ziwani. Maelfu ya watu walitajwa kuwa hawajulikani walipo. Tarehe 8 Mei ikatangazwa kuwa siku ya maombolezo ya taifa zima. Katika juma hilohilo, ng'ambo ya ziwa, nchi jirani ya Rwanda ilizika watu zaidi ya 130 waliouawa na mafuriko na maporomoko.

Tangu wakati ule, kila tunapoketi na vijana kwa mafundisho, swali moja hurudi, mara nyingi kwa sauti ya chini: je, Mungu aliwaadhibu watu wale? Tunajibu kwa kuwakumbusha habari ya mnara wa Siloamu, katika sura ya 13 ya Injili ya Luka. Mnara uliwaangukia watu kumi na wanane, wakafa. Bwana Yesu alikataa kata kata wazo kwamba marehemu wale walikuwa wakosefu kupita wengine wa Yerusalemu. Aliwageukia wazima, akawataka wabadili mwenendo wao. Hiyo ndiyo njia tunayopenda kuifuata hapa. Waliokufa tuwaombee na kuwaheshimu. Swali la mwenendo linatuhusu sisi tuliobaki.

Kuna neno jingine linalohitaji kupimwa. Penye msiba husemwa, "Ni mapenzi ya Mungu." Neno hilo, likisemwa na mama aliyezika, ni sala, wala hatuna ruhusa ya kulisahihisha. Lakini neno hilohilo likisemwa kabla ya msiba, na mtu mwenye nguvu aliyeketi kivulini wakati mfereji wa kijiji umejaa takataka, si sala tena. Ni uvivu uliovaa kanzu. Malaria tunaiombea, na bado tunalala ndani ya chandarua. Hakuna padri aliyewahi kutuambia kwamba chandarua ni kukosa imani. Kwa nini basi mlima tuuogope kwa sala peke yake?

Tutazame jinsi mlima unavyoteremka. Ziwa Kivu liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,460 juu ya bahari, na upande wake wa magharibi milima husimama karibu sana na maji, ikipanda kupita mita 2,000. Vijito vinavyotoka huko juu ni vifupi na vyenye mwinuko mkali, hivyo maji hayana mahali pa kupumzikia njiani. Kwa kuwa tulisomea ualimu, mtuvumilie tukitoa hesabu moja. Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja huleta lita 500,000, yaani bidoni 25,000 za lita ishirini. Penye msitu, majani huivunja nguvu mvua hiyo, mizizi huushika udongo, na maji hupenya polepole. Penye mteremko uliolimwa kutoka juu hadi chini, ambapo miti imekatwa kwa ajili ya mbao na makala ya kupikia, udongo hunywa hadi kushiba, halafu huachia. Sasa hesabuni ni hekta ngapi zinazomwaga maji yake katika mto mmoja.

Wengine husema kwamba watu wa Kalehe walikuwa wajinga kujenga pale. Tunaikataa hukumu hiyo. Udongo ulioletwa na mito chini ya mlima ndio wenye rutuba. Barabara kuu inayounganisha Bukavu na Goma inapita pale, na penye barabara ndipo penye soko, shule na kituo cha afya. Vita vimewasukuma watu wengi kutoka vijiji vya juu, nao hujenga wanapopata nafasi. Mnamo Oktoba 2014 mafuriko yalikuwa yamekwisha kuua watu katika teritwari hiyohiyo, na kumbukumbu haikupotea. Watu walirudi kwa sababu mtoto hula kila siku, na mafuriko hayaji kila siku. Maskini huifahamu hatari, lakini njaa humkabili kila asubuhi. Kwa hiyo anayewaambia wahame bila kuwaonyesha shamba jingine amesema maneno matupu, na kuwatafutia mahali salama ni deni la wenye mamlaka. Nasi, tukisubiri deni hilo lilipwe, tunayo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni majina. Baada ya tarehe 4 Mei hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni wangapi waliopotea. Sensa ya mwisho ya watu katika nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, na siku ya soko wageni walikuwa wengi. Mtu alitafutwa na ndugu zake tu, na pale ambapo nyumba nzima ilikuwa imekwenda, hakubaki wa kumtafuta. Jambo hili hutukosesha usingizi kuliko idadi yenyewe. Mwalimu hawezi kutoka na wanafunzi arobaini akarudi bila kuwahesabu. Jumuiya ya Kikristo inayokutana kila juma inawajua wakaaji wa kila nyumba: mzee asiyeweza kutembea peke yake, mama mwenye mimba, mtoto asiyesikia, na hata jirani asiyesali nasi, ambaye naye ni ndugu yetu. Vijana wawili wenye daftari wanaweza kuyaandika haya kwa siku mbili. Nakala moja ibaki kwa kiongozi wa jumuiya, nyingine parokiani, mahali pa juu na pakavu. Pembeni mwa jina la kila asiyeweza kukimbia liandikwe jina la kijana atakayemchukua. Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Sisi tutawaitaje bila kuyajua?

La pili ni kusikiliza na kupima. Wataalamu waliochunguza mvua za mwezi ule walieleza kwamba vituo vya kupimia mvua katika eneo letu ni vichache mno, hata ikawa vigumu kufikia hitimisho kamili. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa uwanjani mbali na miti na paa na kusomwa kwa rula kila asubuhi saa moja, halishindani na kituo cha serikali, lakini linawaambia wanakijiji kwamba mlima umekunywa siku tano mfululizo. Dalili nyingine zinajulikana na wazee: nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyotokea pasipokuwa na maji. Mto ukigeuka matope ghafla, au ukipungua ghafla wakati mvua bado inanyesha, huenda kuna kizuizi huko juu, na kizuizi hicho kikivunjika hapatakuwa na nafasi ya kuuliza. Ngurumo itokayo mlimani isiyo ya radi ni amri ya kuondoka.

La tatu ni kujua pa kwenda. Anayekimbia matope kwa kuufuata mto atashindwa, kwa maana matope yana mbio kuliko yeye. Akimbie kando, apande mahali palipoinuka, mbali na njia ya maji. Asivuke maji yanayokwenda kwa nguvu hata yakiwa ya magotini, wala asirudi kuchukua godoro. Kengele ya kanisa, ngoma au filimbi, kila kijiji kichague mlio mmoja usiotumika kwa jambo jingine, na watu waujaribu mchana wa jua, watoto wakiongozwa na wakubwa wao. Jambo lililofanywa kwa miguu mara tatu halisahauliki usiku. Mara nyingi simu hazina mtandao wakati huo, na mvua juu ya mabati humeza sauti ya mtu mmoja.

Hatimaye, mteremko wenyewe. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ni wakati wa kuzibua mitaro na kuchimba mingine inayokata mlima kwa ubavu, ili maji yasiteremke kwa mbio moja. Mvua za Septemba zikirudi, miche iwe tayari kupandwa, pamoja na majani ya mifugo kwenye kingo za mitaro. Mti hauponyi mlima kwa mwaka mmoja, na maporomoko makubwa hayazuiliwi na miche. Tunayasema haya waziwazi ili asiwepo atakayekata tamaa akiona kazi ni ndefu. Anayepanda leo huenda anamlinda mtoto ambaye bado hajabatizwa.

Mwezi wa Mei unapofika, tunasali rozari kwa ajili ya waliokwenda na maji, wengi wao bila kaburi lenye jina. Sala hiyo isikome. Mwaka huu tunawaomba mje na daftari.

Kwa kutafakari pamoja:

1. Katika jumuiya yetu, nani hawezi kukimbia peke yake, na nani amekubali kumbeba?
2. Maji ya mvua yanapita wapi kijijini petu, na ni nani aliyeiziba njia yake?
3. Tunaposema "ni mapenzi ya Mungu", tunafariji mtu au tunakwepa kazi?