Wageni wa Kijiji Kizima: Siku Mbili Nakapalayo, Nchini Zambia



Sisi wa Kolwezi tukisema tunapeleka watoto nje ya nchi, akili inakimbilia maduka ya Kitwe na Ndola. Lakini iko namna nyingine ya kulala ugenini. Mwaka 2015, mwezi wa nane, wakati wa vakansi kubwa, mimi na mama watoto pamoja na watoto wetu wawili tulikaa siku mbili Nakapalayo. Ni kijiji cha Zambia kilicho kati ya mbuga ya Kasanka na vinamasi vya Bangweulu. Pale anayepokea mgeni si hoteli. Ni kijiji chenyewe.

NJIA

Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa 300 hivi, kisha Kasumbalesa. Mpakani mtakuta malori yamepangana, yamebeba shaba na kobalti ya kwetu. Ukiwa na watoto, fika asubuhi na mapema. Ng'ambo motokari zinapita upande wa kushoto, basi uwashike watoto mkono kabla ya kuvuka barabara.

Tulipanda basi: Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, mpaka Serenje. Mbele ya Serenje inatoka barabara ya lami inayoelekea Mansa. Ukiisha kupita njia ya kuingia Kasanka, unaacha lami na kushika njia ya vumbi. Huko usitegemee basi. Sisi tulikodi motokari Serenje.

MAPOKEZI

"Mwaiseni, mwaiseni!" Ndivyo walivyotukaribisha, na mama watoto aliyekulia Lubumbashi akawajibu kwa Kibemba. Tangu hapo tukawa watu wa nyumbani.

Nyumba za wageni ni za udongo na majani, kama za wenyeji. Choo ni cha shimo, nacho safi. Bafu ni ua wa majani na ndoo ya maji ya moto. Mtoto wetu mdogo, wa miaka 8, aliuliza, "Papa, telefone tutaichaji wapi?" Kabla sijajibu, alikuwa ameitwa kucheza mpira wa matambara, na hakuuliza tena mpaka tuliporudi Serenje.

Chakula kilikuwa bukari, wao wanasema ubwali, na samaki mkavu wa Bangweulu, majani ya mihogo yaliyopikwa kwa karanga, na chikanda, ile ile tunayoita kikanda kwetu. Binti yetu wa miaka 12 alipewa mchi atwange karanga pamoja na wasichana. Walimcheka kwanza, halafu wakamfundisha. Jioni tuliketi kwenye nsaka, kile kibanda cha mazungumzo, moto katikati. Ngoma zilipigwa, wazee wakasimulia. Sisi nasi tuliombwa wimbo. Tulianza tenzi moja kwa Kiswahili, na wao wakaipokea kwa Kibemba, sauti ile ile.

"PATRO WA HAPA NI NANI?"

Asubuhi, wakati wa kulipa, binti yetu aliuliza kwa sauti, "Papa, patro wa hapa ni nani?" Mtoto wa mji wa migodi anajua kwamba kila mahali pana patro. Kijana aliyetuongoza alicheka, akaeleza kwamba patro hayupo. Mwenye kupika, mwenye kuchota maji na mwenye kuongoza wageni, kila mmoja anapata haki ya kazi yake, na fungu lingine linakwenda kwa kijiji. Wao wenyewe ndio walioamua mgeni alale wapi, aone nini, na wapi asiingie.

Mimi sikuona kijiji tajiri. Niliona watu wasiomwogopa mgeni wala kumwomba-omba, kwa sababu nyumba ni yao na hesabu ni yao.

MGENI WA ZAMANI

Katika nchi hiyo hiyo ya Chitambo ndipo alipofariki mmisionari David Livingstone, tarehe 1 Mei 1873. Tulipelekwa kuona mnara wenye msalaba juu, pale uliposimama mti wa mupundu ambao chini yake moyo wake ulizikwa. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walikausha mwili juani, wakaubeba karibu miezi tisa hadi Bagamoyo. Ulizikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Tunawasifu wabebaji, na ni haki. Lakini angalia mwenyeji pia. Wale watu waliogopa, wakaficha kifo, maana kufiwa katika nchi ya mwingine kungeweza kuleta kesi. Chifu Chitambo alipojua, aliwaambia wasiogope, akaja na watu wake kuomboleza. Alimheshimu mgeni asiyekuwa na cha kumlipa tena.

NA KWETU?

Nchi yetu nayo inapokea wageni wengi, lakini mara ngapi tunabaki wenyeji? Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo. Mwaka 2017 mamia ya familia waliondoka kwenye malupango yao ili mahali pale pawe mgodi. Kijana, usifikiri mali ya nchi ni mawe tu. Vijiji vya kando ya ziwa la Nzilo vina maji, samaki na wazee wenye kusimulia. Wenye vijiji wakipatana juu ya kazi na hesabu, nao wanaweza kupokea wageni, na kazi hiyo haimalizi udongo.

MKITAKA KWENDA

Chukueni pasiporti za wote, na karti za chanjo ya homa ya manjano. Ulizeni habari ya viza mapema. Hakikisheni kwanza kwamba kijiji kinapokea wageni siku hizo. Badilisheni kwacha mjini. Chukueni blanketi, kwa sababu usiku wa kiangazi ni baridi sana, na tochi. Kama mkitaka kuona popo wa Kasanka, mamilioni wakiruka jioni, nendeni kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili.

KWA MAZUNGUMZO YA FAMILIA, siku ya posho jioni:

1. Mgeni wa mwisho kulala kwetu alikuwa nani, na watoto walimfanyia nini?
2. Katika mtaa wetu, ni kazi gani tungeweza kufanya pamoja bila patro?
3. Nani angeshika hesabu, na tungemwombaje atuonyeshe?